Uhuru Haukuwa Zawadi

Kiswahili kina vitenzi vitatu ambavyo asiyejali lugha huvitia katika pakacha moja: kupewa, kupata na kurejeshewa. Mshairi hathubutu kufanya hivyo. Anajua kuwa aliyepewa yuko aliyempa, na aliyempa hudai shukurani. Kwamba aliyepata huenda alihangaika, na huenda pia aliokota. Na kwamba aliyerejeshewa alikuwa nacho kabla ya kunyang'anywa. Hata hivyo, panapozungumzwa historia ya visiwa hivi, hata wasemaji walio hodari wa vina husahau mizani yao wakatamka bila ya kusita: Zanzibar ilipewa uhuru na Uingereza tarehe 10 Disemba 1963. Ni sentensi fupi, inakaa vizuri mdomoni, na si ya kweli.

Isidhaniwe kuwa huu ni ugomvi wa sarufi. Kitenzi kikikaa pasipo mahala pake kwa zaidi ya miaka 60, huacha kuwa neno kikawa tabia. Aliyezoea kuambiwa kuwa uhuru alipewa hataona ajabu akiambiwa kuwa na ardhi kapewa, na kura kapewa, na bei ya karafuu zake kapewa. Na siku atakaponyang'anywa kimoja katika hivyo, hatakuwa na neno la kusema, maana mwenye kutoa ndiye mwenye kuzuia. Ndiyo maana hesabu hii inafaa ifanywe, na ifanywe kutokea mahala kama Chokocho, kusini mwa Pemba katika wilaya ya Mkoani, pale vyombo vinapovuka kwenda Kisiwa Panza. Mjini historia husomwa kwa sherehe na mabango. Chokocho husomwa kwa swali moja tu: je, sheria hiyo ilimfikia nani?

Tuhuma ya kwanza ni dhidi ya wanaosema "kupewa". Mwaka 1890 Sultani Ali bin Said alikubali himaya ya Uingereza, na mwaka ule ule Uingereza na Ujerumani zikapatana juu ya mipaka ya matakwa yao, Heligoland ikenda kwa Mjerumani na Zanzibar ikaachwa mikononi mwa Muingereza. Katika karatasi zote hizo, Zanzibar haikufanywa koloni. Ilikuwa nchi iliyo chini ya himaya, na jina la dola likabaki kuwa la Sultani. Mtu wa Chokocho hakuwa raia wa mfalme wa Kiingereza. Alikuwa raia wa Sultani, aliyeambiwa kuwa analindwa. Ulinzi huo ulikuwa wa namna gani, ulidhihirika tarehe 27 Agosti 1896, pale manuwari za Uingereza zilipolipiga mizinga kasri kwa muda usiofika saa moja kwa sababu Khalid bin Barghash alikalia kiti bila ya ridhaa ya mlinzi wake. Tangu hapo kila mtu alijua nani anaamrisha. Lakini kuamrisha si kumiliki, na mwizi akikaa ndani ya nyumba kwa miaka 73 hati ya nyumba haigeuki kwa ajili yake.

Hili si dai la washairi. Ni dai la sheria za Uingereza zenyewe. Tanganyika ilikuwa amana ya Umoja wa Mataifa, ikawa huru tarehe 9 Disemba 1961 kwa sheria ya Bunge la Westminster iliyoitwa Sheria ya Uhuru wa Tanganyika. Uganda ikafuata mwaka 1962 kwa sheria yake. Kenya, ambayo sehemu yake ya bara ilitangazwa koloni mwaka 1920, ilipitishiwa Sheria ya Uhuru wa Kenya, ikawa huru tarehe 12 Disemba 1963. Ile ya visiwa, iliyopitishwa mwaka huo huo wa 1963, jina lake ni Sheria ya Zanzibar tu. Neno uhuru halimo katika jina lake, na kutokuwamo huko si kusahau kwa makarani. Muingereza hawezi kutoa asichokuwa nacho. Alichokifanya kwa sheria ile ni kuikomesha himaya, kuondosha mamlaka yake, na kuzirekebisha sheria zake mwenyewe ili nchi hiyo itambulike kuwa huru ndani ya Jumuiya ya Madola. Tarehe 16 Disemba 1963 Zanzibar ikaingia Umoja wa Mataifa siku moja na Kenya, kila moja kwa kiti chake.

Anayetaka kuona kitenzi "kupewa" kinavyoweza kumfilisi mtu, na atazame Haiti. Watumwa wa kisiwa kile waliwashinda majeshi ya Ufaransa na kutangaza uhuru wao tarehe 1 Januari 1804. Miaka 21 baadaye, mwaka 1825, Mfalme wa Ufaransa alitoa amri ya "kuwapa" uhuru ambao walikuwa nao tayari, na akataka walipe faranga milioni 150. Manuwari zilikuwa baharini kuithibitisha fadhila hiyo. Haiti ikalazimika kukopa ili ilipe, na deni likapita kutoka kizazi hadi kizazi. Kitenzi kimoja katika amri ya mfalme kilikuwa na bei, na bei hiyo ilitoka katika kahawa ya mkulima. Mkulima wa karafuu hahitaji kufasiriwa zaidi.

Basi ikiwa haikuwa zawadi, ilikuwa nini? Hapa ndipo wanaoisifu Disemba nao wanapostahiki kujibiwa. Ilikuwa ni kurejeshewa. Lakini aliyerejeshewa ni nani? Dola lilirejea kwa kiti kilichokuwa na jina lake: kwa Sultani Jamshid bin Abdullah, chini ya katiba, na kwa serikali ya Waziri Mkuu Muhammad Shamte. Katika uchaguzi wa Julai 1963 vyama vya ZNP na ZPPP vilivyoungana vilipata viti 18, ASP viti 13. Lakini ASP ndiyo iliyokuwa na kura nyingi zaidi, kiasi cha asilimia 54. Mipaka ya majimbo ilikuwa halali, na majibu yalikuwa halali, na zaidi ya nusu ya wapiga kura waliamka siku ya pili wakijiona wameshindwa kwa hesabu wasiyoifahamu. Hakuna kura ya maoni iliyoitishwa kuwauliza watu wa Unguja na Pemba ni nchi ya namna gani waitakayo. Katiba ilijadiliwa London mwezi Septemba, sheria ikaandikwa kwa Kiingereza, na bendera mpya nyekundu ikapandishwa ikiwa na duara ya kijani iliyochorwa karafuu mbili. Karafuu zilikuwemo katika bendera. Mchumaji wake hakuwemo katika mazungumzo.

Na serikali ile haikuchelewa kuonesha kuwa sheria ya uhuru inaweza kutumika bila ya uhuru. Mwanzoni mwa Januari 1964, kabla ya mwezi wa kwanza kutimia, ilikipiga marufuku chama cha Umma, kilichoongozwa na Abdulrahman Babu. Kilikuwa chama kidogo, lakini kufungwa kwake kulikuwa jambo kubwa: dola lililorejea juzi kutoka kwa mlinzi wa kigeni lilianza kuwachagulia raia wake sauti za kusikia. Anayeililia Disemba bila ya kulitaja hilo analilia nusu ya maiti.

Tuhuma ya pili ni dhidi ya wanaosema kuwa yote yale yalikuwa karatasi, uhuru wa bandia, na kwamba uhuru wenyewe ulikuja tarehe 12 Januari 1964, siku 33 baadaye. Hoja yao ina nguvu pale inapotaja kura zile za wengi na ardhi ile ya wachache, na si haki kuipuuza. Ardhi ilitaifishwa, na wako waliogaiwa eka tatu tatu ambao kabla yake hawakuwa na hata mnazi mmoja. Lakini hoja hiyo huporomoka pale inapopita kutoka kuichukia sheria mbovu hadi kuidharau sheria yenyewe. Watu wengi waliuawa, na wengine wakakimbia nchi, bila ya mahkama kuulizwa. Katiba ya Disemba ilifutwa, na mahala pake haikuwekwa nyengine. Baraza la Mapinduzi likawa ndilo linalotunga, ndilo linalotekeleza. Zikaundwa mahkama za wananchi ambazo wakili hakuruhusiwa kusimama ndani yake kumtetea mshtakiwa. Visiwa vilikaa bila ya katiba yao hadi mwaka 1979, na bila ya Baraza la Wawakilishi hadi mwaka 1980. Hiyo ni miaka 15 na zaidi ambayo raia, akidhulumiwa, hakuwa na karatasi ya kuinyooshea kidole. Aliyeicheka karatasi ya Disemba alikuja kugundua kuwa karatasi, pamoja na ubovu wake, ni kitu cha kushika.

Pemba ililifahamu hilo kupitia zao lake. Katika kisiwa hiki wakulima wengi walikuwa na mikarafuu yao wenyewe, midogo au mikubwa. Baada ya Mapinduzi mnunuzi akawa mmoja, naye ni Serikali. Kupitia shirika lake la biashara, ikapanga bei ambayo ilikuwa sehemu ndogo ya ile iliyopatikana katika soko la dunia. Anayevusha karafuu kwenda Mombasa aliitwa mhalifu na kupewa adhabu kali. Sheria ambayo mwaka 1963 haikuteremka kwenye fukwe za kusini kuuliza rai ya mtu, sasa iliteremka kuzilinda fukwe zile zile na mwenye mali asivuke na mali yake. Na neno lililotumika lilikuwa lile lile. Mkulima hakuambiwa kuwa ameuza. Aliambiwa kuwa amepewa bei.

Mshairi ana wajibu hapa kuliko mwanasheria, kwani yeye anajua kitu ambacho wanasiasa wa pande zote mbili hawakitaki. Mizani si gereza la shairi. Anayevunja mizani kwa sababu tu waliotangulia waliitumia kusifia wafalme hapati shairi huru. Anapata maneno yaliyomwagika. Na anayeshika mizani bila ya kuwa na la kusema hapati shairi pia. Anapata hesabu ya silabi. Kisiwa kilichowatoa Kamange na Sarahani hakihitaji kufundishwa jambo hilo. Sheria ya uhuru ni mizani. Uhuru ni neno lenyewe. Disemba ilikuwa na mizani isiyo na neno la watu. Januari ilidai kuwa na neno la watu, ikavunja mizani. Wanaogombana miaka yote hii juu ya tarehe ipi ni halali wanagombania nusu mbili za shairi moja ambalo halijatungwa.

Ng'ambo ya bahari, ndugu wa mwambao wa Kenya wana somo lao katika jambo hili. Ukanda wao wa maili kumi ulikuwa wa Sultani kwa jina, na ukitawaliwa na Muingereza tangu mwaka 1895. Mwezi Oktoba 1963 Sultani aliuachia kwa makubaliano, serikali ya Kenya nayo ikaahidi kuheshimu mahkama za kadhi, dini na hati za ardhi za watu wa pwani. Watu wenyewe hawakupiga kura juu ya hilo. Mahkama za kadhi zimo katika Katiba ya Kenya hadi leo, kwa hiyo haiwezi kusemwa kuwa karatasi ile haikuwa na faida. Lakini nusu karne baadaye likaibuka vuguvugu la watu waliosimama Mombasa wakisema kuwa Pwani si Kenya, wakizinyanyua hati zile zile za zamani. Hati ambayo watu hawakuulizwa wakati ikitiwa saini haizikwi. Hukaa chini ya mchanga ikingoja maji yapwe.

Kwa Zanzibar maji yalikupwa mara nyingi. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana kwa Hati za Muungano zilizotiwa saini na Rais Nyerere na Rais Karume. Mambo ya Muungano yalikuwa 11. Baadaye orodha ikafika 22. Je, dola lililorejea Disemba lilikwenda wapi? Swali hili wengi waliliona kuwa la wazee wa barazani, hadi lilipogeuka kuwa la uhai na mauti. Wafuasi 18 wa Chama cha Wananchi walishtakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Zanzibar, kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Mwaka 2000 Mahkama ya Rufani ya Tanzania iliamua kuwa uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar si dola. Mshairi gani angeweza kutunga kinaya kama hicho? Neno lile lile lililowavunja moyo wapenzi wa visiwa ndilo lililosema kuwa kosa lililowatia watu 18 kwenye kivuli cha kitanzi halikuwezekana kutendwa. Baada ya hapo, asiwepo wa kusema kuwa "nchi" na "dola" ni maneno ya kupoteza wakati.

Mwaka 2010 yalitokea mambo mawili ambayo yangefaa kuandikwa ukutani katika kila skuli. Tarehe 31 Julai Wazanzibari waliulizwa kwa kura ya maoni iwapo wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na kiasi cha asilimia 66 walisema ndiyo. Na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 ikarekebishwa kwa mara ya kumi, ikatamka kuwa Zanzibar ni nchi. Kwa mara ya kwanza sheria kubwa ya visiwa ilipita mikononi mwa mpigakura kabla ya kusimama. Hapo, na hapo tu, panapofaa kusemwa kitenzi cha pili: watu walipata. Hawakupewa na London, hawakupewa na bunduki, hawakupewa na chama. Walipata kwa sababu waliulizwa, nao wakajibu.

Na bado, kitenzi cha kale hakikufa. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa tarehe 28 ya mwezi huo kwa tangazo la mtu mmoja, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, na wa marudio wa Machi 2016 ukasusiwa na chama kikuu cha upinzani. Waliosema ndiyo mwaka 2010 wakaiona serikali waliyoipigia kura ikitoweka, kisha ikarudi Disemba 2020 kwa mazungumzo ya viongozi. Na hotuba zikasemaje? Kwamba wananchi wamepewa maridhiano. Wamepewa! Kitu ambacho wenyewe walikiamua kwa kura miaka kumi kabla kilirudi kwao kikiwa kimefungwa utepe wa zawadi.

Watakuwepo wa kundi la tatu, wenye kupenda utulivu, watakaosema kuwa yaliyopita si ndwele. Methali hiyo ina nusu yake ya pili, nayo husema kuganga yajayo. Na hakuna mganga anayeganga bila ya kuuliza maradhi yalianzia wapi. Maradhi yenyewe ni haya: kila anayetawala visiwa, wa taji au wa bunduki au wa sanduku la kura, hujifanya mtoaji, na kila anayetawaliwa hufundishwa kupokea kwa mikono miwili. Sheria ya 1963 haikuleta maradhi hayo, lakini ilivyosimuliwa ndiyo iliyoyalea.

Dawa yake haihitaji Bunge. Hati ya 1890, Sheria ya Zanzibar ya 1963, katiba ya Disemba, amri za 1964 na Hati za Muungano zitiwe zote katika Kiswahili fasaha, zichapishwe pamoja katika kitabu kimoja, zisomwe skuli na barazani, neno kwa neno, kama vile mashairi yanavyosomwa. Baraza la Kiswahili la Zanzibar liliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na Tanzania ikabadili sheria zake mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria. Lugha ipo, watunzi wapo. Kinachokosekana ni ujasiri wa kumwachia mwananchi azisome hati hizo bila ya mkalimani wa chama kukaa ubavuni mwake. Mwanafunzi wa Chokocho anayeweza kupambanua shairi la vina viwili hashindwi kupambanua kifungu cha sheria. Atauliza nani katunga, nani katajwa, nani kaachwa nje ya beti.

Na atakapofika kwenye ile tarehe 10 Disemba 1963, asiandikiwe jibu. Apewe kalamu, na vitenzi vyote vitatu, achague mwenyewe.